Kokwa za tende: mabaki yanayoweza kukilinda chakula kisichache

Tende huliwa, kokwa hutupwa. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Waislamu wakati wa kufuturu, kuanzia Muscat hadi Mombasa, na ndivyo ilivyo pia katika viwanda vinavyotoa kokwa ili kutengeneza tende za kujazwa karanga na lozi, tende za kusagwa na asali ya tende. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa nchini Oman na katika Umoja wa Falme za Kiarabu umebainisha kwamba kokwa hiyo ngumu ina hazina kubwa ya antioksidanti, yaani viambata vinavyozuia mafuta ya chakula kuharibiwa na hewa. Swali lililopo sasa ni iwapo viambata hivyo vinaweza kutiwa ndani ya kifungashio chenyewe, ili mfuko au karatasi inayobeba chakula iwe ndiyo mlinzi wake.

Wasikilizaji wapenzi, makala hii inaangazia namna mabaki ya chakula yanavyoweza kugeuzwa kuwa kinga ya chakula, faida inayotarajiwa, vikwazo vilivyopo, na nafasi ya Afrika Mashariki katika suala hilo.

Al Muraqqabat na biashara ya vyakula vyenye mafuta

Al Muraqqabat ni mtaa ulioko Deira, upande wa mashariki wa Khor Dubai, ile hori ya bahari ambamo majahazi yamekuwa yakitia nanga kwa vizazi vingi. Mtaa huo unajulikana kwa migahawa ya Kiiraki na ya Kishami, maduka ya halua na maamuli, na wauzaji wa kahawa na njugu za kukaanga. Wafanyabiashara wengi kutoka Afrika Mashariki wanaokwenda Dubai kununua bidhaa hufikia katika hoteli za Deira, na aghalabu hurejea nyumbani na makasha ya tende na vitamutamu.

Ukivitazama vyakula vinavyouzwa katika mtaa kama huo, utaona kwamba vingi vina jambo moja linalofanana. Pistachio, lozi, korosho, ufuta, siagi ya maamuli na mafuta ya kahawa iliyokaangwa vyote huharibika kwa njia moja. Havianzi kuoza kwa sababu ya vijidudu, bali huchacha kwa sababu ya oksijeni. Joto la Ghuba, ambalo wakati wa kiangazi hupindukia nyuzi 40 za Selsiasi, huharakisha jambo hilo.

Mafuta huchacha vipi?

Wataalamu wa kemia wanaeleza kwamba uharibifu huo ni mnyororo wa matukio. Mwanga, joto au chembechembe za madini kama chuma na shaba huinyang'anya molekuli ya mafuta atomu moja ya hidrojeni. Molekuli hiyo hubaki na upungufu, nayo huitwa radikali huru. Mara moja hujiunga na oksijeni ya hewani, kisha huishambulia molekuli jirani na kuinyang'anya hidrojeni yake. Jirani naye hugeuka kuwa radikali, na kazi huendelea. Ni mfano wa moto unaoruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine: cheche ni ndogo, lakini kijiji kizima kiko hatarini.

Mwishoni mafuta huvunjika na kuwa viambata vidogo vyenye harufu kali, na hiyo ndiyo harufu inayosikika katika karanga za zamani au katika dagaa waliokaa ghalani muda mrefu. Pamoja na ladha kuharibika, vitamini A na E hupotea, na thamani ya bidhaa sokoni hushuka. Mfanyabiashara mdogo asiye na jokofu wala mashine ya kuondoa hewa ndiye anayeumia zaidi.

Kazi ya antioksidanti ni kujitoa mhanga. Huipa radikali huru hidrojeni inayoitafuta, na kwa kuwa umbile lake ni tulivu, haiendi kumshambulia jirani. Mnyororo hukatika hapo. Lakini kila molekuli ya antioksidanti hutumika na kwisha. Kwa hiyo inachelewesha uharibifu, wala haiuondoi kabisa.

Antioksidanti za viwandani na wasiwasi ulioko

Tangu katikati ya karne ya 20 viwanda vimetegemea antioksidanti zinazotengenezwa kwa kemikali, mashuhuri zaidi zikiwa BHA na BHT. Hizo ni za bei nafuu, hazina rangi, na huvumilia joto. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, makasha ya nafaka za kifungua kinywa yamekuwa yakiandikwa kwamba BHT imetiwa katika kifungashio ili kuhifadhi ubora wa bidhaa. Kwa hiyo fikra ya kutia kinga ndani ya mfuko badala ya kuitia ndani ya chakula si ngeni.

Wasiwasi ulizuka katika miaka ya 1980, pale majaribio yaliyofanywa nchini Japani yalipoonyesha kwamba panya waliolishwa BHA kwa wingi walipata uvimbe katika sehemu ya tumbo ambayo binadamu hana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka BHA katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kwa upande mwingine, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliichunguza upya mwaka 2011 na kusema kwamba mtu anaweza kula hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku bila ya kudhurika. Kwa BHT, kiwango kilichowekwa mwaka 2012 ni robo ya miligramu.

Hivyo basi, kwa mujibu wa sheria, viambata hivyo havijawa haramu katika nchi nyingi. Kilichobadilika ni mtazamo wa wanunuzi, ambao wanazidi kusoma maandishi ya kasha na kuyakwepa majina wasiyoyafahamu. Viwanda navyo vimeanza kutafuta mbadala wenye asili ya mimea. Mfano mmoja ni dondoo la mmea wa rozimari, lililoruhusiwa kutumiwa katika vyakula vya Umoja wa Ulaya mwaka 2010 na kupewa namba E392.

Ni nini kilichomo ndani ya kokwa?

Kokwa ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa tende, ikizidi au kupungua kulingana na aina. Sehemu kubwa ya kokwa ni nyuzinyuzi. Kuna pia mafuta, protini kidogo, na polifenoli, ambazo ndizo antioksidanti zinazotafutwa.

Mwaka 2007 mtafiti Mohamed Al-Farsi na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu tende tatu za Oman, yaani Mabseeli, Um-sellah na Shahal, pamoja na asali yake na mabaki yake. Walikuta kwamba kila grami 100 za kokwa zina takriban grami 3.1 hadi 4.4 za polifenoli, kiasi ambacho ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kilichomo katika nyama ya tende. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu, kilichoko Al Ain, walichapisha uchunguzi wa kokwa za aina 18 za tende, wakionyesha tofauti zilizopo baina ya aina moja na nyingine.

Hesabu nyepesi inatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Kiwanda kinachotoa kokwa katika tani 100 za tende hubaki na takriban tani 10 za kokwa. Kwa vipimo vya Oman, ndani ya tani hizo 10 mna kilo 310 hadi 440 za polifenoli. Dunia huzalisha zaidi ya tani milioni 9 za tende kwa mwaka. Ni kweli kwamba tende nyingi huliwa zikiwa na kokwa zake, na kokwa hizo hutawanyika katika mapipa ya taka ya majumbani, ambako hazikusanyiki. Zinazofaa ni zile zinazobaki kiwandani, mahali pamoja, zikiwa safi. Tende iliyosagwa inayojazwa ndani ya maamuli za Al Muraqqabat, kwa mfano, ilikwisha kuacha kokwa zake mbali kabla ya kufika kwa mpishi.

Wenyeji wa Bara Arabu hawakuwa wakiitupa kokwa siku zote. Tangu zamani iliponda­pondwa na kulishwa ngamia na mbuzi, au ikakaangwa na kusagwa ili kupata kinywaji kinachofanana na kahawa kisichokuwa na kafeini. Jipya hapa ni kuitazama kokwa kama malighafi ya kemia.

Kutoka kokwa hadi unga wa kinga

Hatua ya kwanza ni kuziosha kokwa ili kuondoa mabaki ya sukari, kisha kuzikausha. Kokwa yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huweza kuleta sumu. Hapo kinga inageuka kuwa hatari. Baada ya hapo husagwa, kazi inayohitaji kinu chenye nguvu kwa sababu kokwa ni ngumu mno. Mafuta yake huweza kukamuliwa na kutengwa.

Unga unaobaki huloweshwa katika kiyeyushi kinachoweza kuzitoa polifenoli. Al-Farsi pamoja na Chang Yong Lee wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walieleza mwaka 2008 kwamba walipata matokeo mazuri kwa kulowesha mara mbili, saa moja kila mara, katika joto la nyuzi 45, wakitumia mchanganyiko wa maji na asetoni. Kwa bidhaa itakayogusa chakula, wengi hupendelea maji na ethanoli, kwa kuwa masalia ya ethanoli hayaleti wasiwasi mkubwa. Ipo pia njia ya kutumia kaboni dioksaidi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, njia ileile inayotumiwa kuondoa kafeini katika kahawa. Hiyo haiachi masalia, lakini mitambo yake ni ghali, nayo huyatoa mafuta kwa urahisi kuliko inavyozitoa polifenoli.

Kimiminika kinachopatikana huchujwa, kiyeyushi hutolewa kwa mvuke na kurejeshwa kazini, na kinachosalia hukaushwa kuwa unga wa rangi ya kahawia. Nguvu yake hupimwa kwa jaribio jepesi: hutiwa katika kimiminika chenye radikali za rangi ya zambarau kiitwacho DPPH. Kadiri antioksidanti inavyokuwa na nguvu, ndivyo rangi hiyo inavyofifia na kuwa manjano. Wataalamu hata hivyo wanatahadharisha kwamba ushindi ndani ya chupa ya maabara si ushindi ndani ya mfuko wa karanga. Kipimo cha kweli ni kuiweka karanga yenyewe ndani ya kifungashio kwa majuma kadhaa na kupima jinsi mafuta yake yalivyobadilika.

Kinga huingizwaje ndani ya mfuko?

Ziko njia kadhaa. Ya kwanza ni kuuchanganya unga na plastiki iliyoyeyushwa kabla ya kutandazwa kuwa karatasi nyembamba. Tatizo lake ni joto: plastiki ya kawaida ya mifuko huyeyushwa katika nyuzi 150 hadi 200 na zaidi, na baadhi ya viambata vya mimea huharibika au huruka kwa mvuke. Ya pili ni kupaka tabaka jembamba juu ya karatasi iliyokwisha kutengenezwa. Ya tatu ni kuachana na plastiki ya petroli na kutengeneza utando kwa wanga wa muhogo, jelatini, au kitosani inayotokana na maganda ya kamba. Utando huo hutengenezwa bila ya joto kali, lakini wengi wa aina hiyo hulegea ukipata unyevu. Ya nne ni kuitia kinga katika kipakiti kidogo kinachowekwa kando ya chakula. Njia hiyo ya mwisho ilipata umaarufu tangu mwaka 1977, pale kampuni ya Mitsubishi Gas Chemical ya Japani ilipoingiza sokoni vipakiti vya unga wa chuma vinavyofyonza oksijeni.

Kwa vyovyote iwavyo, kinga hufanya kazi kwa namna mbili. Ama hutoka katika kifungashio polepole na kuingia kwenye chakula, ama hubaki palepale na kuzikamata radikali na oksijeni zinapopita. Hapa mna jambo linalowasumbua watafiti. Polifenoli nyingi hupenda maji kuliko mafuta, ilhali kinachotakiwa kulindwa ni mafuta. Chakula kikavu kama biskuti nacho hakigusani na mfuko kila mahali. Kwa hiyo utando uliofanya vizuri kwa kipande cha samaki au nyama unaweza kushindwa kwa pakiti ya njugu.

Kuna faida moja iliyokuja bila ya kutafutwa. Rangi ya kahawia ya unga wa kokwa huzuia sehemu ya miale ya jua, na miale hiyo ni miongoni mwa vyanzo vya kuchacha. Lakini rangi hiyohiyo humnyima mnunuzi nafasi ya kukiona chakula alichokusudia kununua.

Cha asili si lazima kiwe salama

Wataalamu wa sheria za chakula wanasisitiza kwamba neno "asili" halitoshi kuwa hati ya usalama. Mabaki ya matunda yanaweza kubeba dawa za kuulia wadudu, na dondoo lililokolezwa hukoleza pia uchafu uliokuwamo. Umoja wa Ulaya uliviingiza vifungashio vya aina hii katika kanuni yake ya mwaka 2004, kisha ukatoa kanuni mahsusi namba 450 ya mwaka 2009. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kiambata kinachotolewa makusudi na kifungashio ili kiingie kwenye chakula kinahesabiwa kama kilichotiwa ndani ya chakula chenyewe: lazima kiwe kimeruhusiwa, na mlaji aarifiwe. Vipakiti vya pembeni navyo ni lazima viandikwe onyo la kutoliwa kwa herufi zisizopungua milimita 3.

Ni vyema pia kukumbuka mipaka ya kazi yenyewe. Antioksidanti inapambana na oksijeni, haichukui nafasi ya usafi wala ya barafu. Samaki aliyeachwa juani ataoza hata akifungwa katika utando bora kabisa, kwa sababu kinachomuozesha ni bakteria. Vilevile, kifungashio chenye kinga hakiwezi kukirejesha chakula kilichokwisha kuchacha.

Makonyo ya Pemba, maganda ya Mtwara

Kwa Afrika Mashariki, kokwa ya tende ni mfano tu. Kanda hii ina mabaki yake, na mengine yamekwisha kuthaminiwa kwa miaka mingi. Kisiwani Pemba, mkulima anapochambua karafuu hubaki na makonyo, vile vijiti vinavyoshika vikonyo vya maua. Makonyo hayo hukusanywa na kupelekwa katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambako hutolewa mafuta kwa mvuke. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni yujino, kiambata ambacho ni miongoni mwa antioksidanti zenye nguvu za mimea na pia huwazuia baadhi ya vijidudu. Karafuu yenyewe huuzwa katika soko la viungo la Deira, si mbali na Al Muraqqabat.

Udhaifu wa yujino ni harufu yake. Kifungashio chake kinaweza kufaa kwa viungo vya pilau au biskuti za tangawizi, lakini hakuna atakayekubali maziwa ya unga yanayonukia karafuu.

Huko Dodoma, utengenezaji wa mvinyo huacha maganda na mbegu za zabibu, ambazo polifenoli zake zimechunguzwa sana barani Ulaya. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi liko ganda la korosho, lenye mafuta mazito ambayo viambata vyake hutumika viwandani na vina uwezo wa kuzuia uoksidishaji. Ingawa mafuta hayo hubabua ngozi, na hivyo hayafai kukaribia chakula kabla ya kusafishwa na kupimwa. Lakini korosho nyingi za Tanzania zimekuwa zikisafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho inapoondoka na ganda lake, mabaki nayo huondoka, pamoja na ajira na elimu ambayo ingepatikana kutokana nayo. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima: mabaki humnufaisha yule anayesindika, si yule anayelima peke yake.

Taka mbili kwa pamoja

Suala hili linahusu pia mazingira. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika majumba, migahawa na maduka, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Mwaka huohuo wa 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu ulizindua mpango wa kitaifa uitwao Ne'ma, wenye lengo la kupunguza upotevu wa chakula kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Wakati huohuo vita dhidi ya plastiki vinaendelea. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Dubai ilianza kutoza filsi 25 kwa kila mfuko wa kutumika mara moja mwezi Julai 2022, kisha ikaipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2024. Plastiki inapoondoka, chakula hupoteza ngao iliyokuwa ikikikinga na hewa, kwani karatasi na wanga hupitisha oksijeni au unyevu kwa urahisi zaidi. Ikiwa mbadala wa plastiki utapewa nguvu kwa dondoo la kokwa au la makonyo, taka mbili zitapungua kwa pamoja. Ikiwa hautapewa, yawezekana taka ya plastiki ikapungua huku taka ya chakula ikiongezeka.

Kwa sasa, kazi nyingi za aina hii zingali ndani ya maabara. Kinachosubiriwa ni bei itakayoweza kushindana na ya BHT, ambayo ni ndogo mno, na ubora usiobadilika kutoka msimu hadi msimu, kwa kuwa kokwa ya mwaka wa joto si sawa na ya mwaka wa baridi. Wanaoweza kuanza mapema ni wale ambao tayari mabaki yao yamekusanyika mahali pamoja: viwanda vya tende vya Ghuba, mitambo ya makonyo ya Pemba, na wabanguaji wa korosho watakaobangua nyumbani badala ya kusafirisha ghafi.